Mponyaji wa Mlango wa Pili

Bwana asifiwe! Itikieni kwa nguvu, maana leo nimesimama wima na nataka niwasikie kutoka huku mbele.

Ndugu zangu, mnanijua, mimi Ghati wa hapa Nyarero. Miaka minne mgongo huu ulinitesa. Nikiinama kulima, moto. Nikijitwika mtungi, moto. Nikipiga magoti kwenye jiwe kusaga wimbi, nalia mpaka machozi yanaingia kwenye unga. Wanawake wakienda risaga, kulimiana mashamba kwa zamu, mimi nabaki nyuma ya mstari. Mwishowe hawakuniita tena. Nikawa nasikia nyimbo zao ng'ambo ya mto, nami nimekaa nyumbani na kuku. Upweke ule, jamani! Unasema na kuku, halafu unangoja wakujibu.

Ndipo nilipofanya ubaya. Nilisimama hapa hapa mbele yenu nikasema Robi, mke mkubwa wa mume wangu, amenifunga mgongo kwa uchawi. Mlinihurumia, mkaniombea kwa sauti kubwa. Maombi yakaisha, maneno yakabaki. Robi naye hakuitwa risaga tena. Akifika kisimani, wanawake wanaondoka. Boma moja, wanawake wawili wapweke, kila mmoja kwenye mlango wake, na hatusemezani!

Siku moja nikiwa nasaga, mgongo ulishika. Siwezi kuinuka, siwezi kulala. Watu wote wako risaga. Nikaita, lakini nani anisikie? Akaja Robi. Ndugu zangu, nilidhani amekuja kunimaliza. Akanishika kiuno kwa viganja viwili, taratibu, akanilaza ubavu. Tangu mama yangu afariki, hakuna aliyenishika kwa upole namna ile.

Nilipopata pumzi akasema, "Nimekutazama siku nyingi. Unakaa mbali na jiwe, unalifuata kwa mikono, mgongo wote umeupinda. Utapona wapi?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekusogelea vipi, na wewe umeniita mchawi?"



Siku ya tatu akaanza kunifundisha. Magoti yawe karibu na jiwe. Sukuma kwa mwili mzima. Mtungi usiuinamie, chuchumaa, ukumbatie kifuani, inuka kwa miguu. Ukilima, mguu mmoja mbele, kisha badilisha. Nikisahau, ananichapa kofi kiunoni: "Ghati, mgongo!" Mwanamke yule hana huruma! Wala haikuwa kazi ya siku moja. Tulianza wakati wa palizi, na mavuno yalipofika niliamka asubuhi nikayatafuta maumivu, nisiyaone. Haleluya!

Namshukuru Mungu. Nilimlilia anitumie mponyaji, kumbe alikuwa ameshamweka mlango wa pili. Nimemwomba Robi msamaha, amenisamehe. Lakini asubuhi hii nilipomwambia twende kanisani, alisema, "Nenda wewe. Watu wako wananiogopa."

Ndugu zangu, mliniamini niliposema uongo. Niaminini na leo. Katika boma letu hakuna mchawi! Wewe unayeumwa, usikae peke yako ukitafuta wa kumlaumu. Mtumaini Bwana, naye atakuinua hata kwa mkono wa mtu uliyemchukia.

Ibada ikiisha, naenda kumwambia Robi kwamba nimewaeleza kweli. Sitaki kwenda peke yangu. Nani anakuja nami? Ainue mkono, nimwone.