Kamba ya Elkanah Rading' na Watoto wa Ng'ambo

Mchungaji wetu, Mzee Obare na wazee wa ukoo, walimu, wanafunzi mliovuka asubuhi kutoka ng'ambo, majirani na waombolezaji wote, mimi naitwa Levis Ryoba, dereva wa lori, mzaliwa wa Kehancha, kaka yake mjane, na nimepewa kazi ya kusoma maisha ya shemeji yangu Elkanah Rading' kwa sababu mbili, ya kwanza ni kwamba nyumba hii ilijengwa kwa Kijaluo na Kikuria na Kiswahili ndicho huamua ugomvi, na ya pili ni kwamba watu husema nina mdomo, jambo ambalo maofisa wa mipaka yote kutoka Isebania mpaka Kasumbalesa wanaweza kulithibitisha.

Kabla sijasoma mstari wa kwanza, naomba mtazame jeneza. Ile kamba nene ya buluu iliyozungushwa pale mara mbili ndiyo kamba ya mtoni, ile ambayo watoto wa ng'ambo hushika wakivuka mto Awach kuja shule wakati wa mvua, na Chrispine na vijana wenzake waliochimba kaburi waliifungua jana jioni kwa nia njema kabisa, wakisema Elkanah hawezi kuteremshwa kwa kamba ya kuazima hali ana yake. Dada yangu Rael aliiona alfajiri kupitia mlango wa nyumba, akaniita, kwa maana yeye kwa desturi ya hapa hawezi kusimama kaburini akabishana na wazee, wala hawezi kuvuka mto wowote mpaka mambo yake ya ujane yamalizwe, akaniambia, "Levis, huo mdomo unaochekesha nao watu mpaka Juba, leo utumie kwa kazi. Kamba hiyo isiingie kaburini."

Nikaenda kwa Mzee Obare, ambaye ni mkubwa wa ukoo na binamu ya marehemu, nikamweleza, naye akanijibu kwa upole lakini bila kunipa kiti, "Orwa," ndivyo Wajaluo humwita shemeji, "wewe ni wetu na tunakuheshimu, lakini Elkanah na kamba hii ni kitu kimoja, waache washuke pamoja." Nikamwuliza kama haiwezi kumteremsha halafu ivutwe irudishwe mtoni, akacheka kidogo, akasema, "Kamba iliyoshusha maiti, ni mama gani wa ng'ambo atamwambia mtoto wake aishike?" Na hapo alisema kweli, hata mimi nisingeishika. Mwishowe akasema nisome kwanza, watu wasikie, ndipo itajulikana. Kwa hiyo nasoma, na jeneza linateremshwa nikimaliza, na mkiniona nainua macho kila mara msidhani nimepotea kwenye karatasi, naangalia kule juu Kisii, mto unakotoka, ambako kumekuwa kweusi tangu saa nne.

Elkanah Rading' alizaliwa tarehe 3 Juni 1967 katika boma hili hili, chini ya soko la Kosele, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Rading' na marehemu mama Teresa, akabatizwa mwaka uliofuata, akasoma shule ya msingi hapa upande wa soko mpaka akafanya mtihani wake mwaka 1982, kisha akajiunga na sekondari, ambako alifika kidato cha pili, baba yake akafariki, na yeye akarudi nyumbani kulima. Waliosoma naye wananiambia hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila darasa likitakiwa kufagiliwa walimu walikuwa hawasumbuki kutafuta mtu.

Mwaka 1990 alikuja kwetu Kehancha kutafuta kazi, akapata ya kupakia tumbaku kwenye magari na kuswaga ng'ombe sokoni, na ni hapo nilipomjua, kijana mrefu, mweusi, mkimya, ambaye baba yangu alimpenda haraka kuliko alivyonipenda mimi, kwa sababu mimi nilikuwa nikiongea na ng'ombe wakaenda zao, na yeye alikuwa akiwafunga. Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na dada yangu Rael Boke Ryoba katika kanisa letu Kehancha, harusi ambayo wajomba zangu waliijia kwa mashaka, wakiuliza Mjaluo huyu atamlisha binti yetu samaki mpaka lini, na baadaye hao hao ndio walikuwa wakinituma kwake nikipita Kosele, "Ukirudi utuletee omena za shemeji."

Kutoka mwaka 1996 mpaka 2003 alifanya kazi Mbita, kwenye feri na maboti, akipakua mizigo na kufunga vyombo gatini, na alipoacha kazi hiyo alirudi nyumbani na mke, watoto watatu, jembe jipya, na kamba ya buluu ya boti ambayo mwenye boti aliona imechakaa na Elkanah akaona bado. Watoto wenyewe mnawajua, Lynnet aliyezaliwa mwaka 1996 na ambaye ni fundi wa cherehani mjini Migori, Jacktone wa mwaka 1999 ambaye ni utingo wangu kwenye lori na anajuta, na Emmaculate wa mwaka 2003 ambaye anasomea uuguzi.

Sasa nafika mtoni, na naomba walio nyuma wapunguze sauti, maana upepo umeanza.

Tarehe sikuipata, lakini ni mwezi wa Mei mwaka 2006, Elkanah alipeleka ng'ombe wake kunywa maji, jua lilikuwa linawaka hapa kama leo asubuhi, lakini Kisii ilikuwa imenyesha, na nyinyi wa hapa mnajua Awach haiji na kelele, unaona tu maji yamebadilika rangi na mawe ya kuvukia hayapo. Ng'ambo walikuwa wamesimama watoto wa shule, vitabu vichwani, wakitazama maji, na yule mkubwa wao alikuwa amekwisha kuvua viatu. Elkanah alipiga kelele wasiingie, akaingia yeye, akawabeba mgongoni mmoja mmoja mpaka wakaisha, na aliporudi kwa ng'ombe hakumkuta, alikuwa kwenye bustani ya sukumawiki ya Mzee Obare, na kesi ya sukumawiki hiyo Mzee aliisikiliza mwenyewe, akamtoza mwenyewe, akasamehe mwenyewe. Kesho yake Elkanah alirudi na ile kamba ya Mbita, akaifunga upande huu na upande ule, akaitia mafundo, na mafundo hayo hakuyakisia kwa macho, alimwita mtoto wa darasa la kwanza amnyooshee mkono, akafunga fundo pale mkono ulipofika, ndiyo maana nyinyi watu wazima mkiishika mnaona ina mafundo mengi, haikufungwa kwa ajili yenu.

Tangu hapo, kila asubuhi ya mvua na kila jioni ya mvua, alikuwa katikati ya maji, mgongo wake upande ambako mto unatoka, ili ukimpiga umpige yeye. Hakuna aliyemwajiri. Mimi mwenyewe nilimwuliza siku moja, "Shemeji, hii kazi ina bosi?" akasema, "Ina mabosi wengi sana, na wote wana njaa saa saba." Mama mmoja alipomletea kuku aliwapikia watoto wale wale. Na mvua ikiisha hakukaa, alisukuma wagonjwa kwa wilibaro mpaka barabarani, alizibua mtaro wa kanisa, na makaburi ya kijiji hiki, Chrispine ni shahidi, ni Elkanah aliyewafundisha vijana kuchimba bila ukuta kuporomoka.

Mwezi wa Aprili mwaka 2018 nilikuja hapa moja kwa moja kutoka Lusaka, nimevaa viatu vipya vya ngozi vyenye ncha, nikataka kwenda ng'ambo kumsalimia rafiki, Elkanah akaniambia, "Levis, shika kamba." Nikamwambia nimevuka Zambezi. Sikumwambia nilivuka kwa daraja, nikiwa ndani ya lori. Hatua chache tu, nikaona mbingu, nikaona maji, nikaona mbingu tena, halafu mkono umenishika ukosi, na sauti inaniambia kwa utulivu, kama mtu anayeomba chumvi, "Fundo liko hapo mbele ya pua yako." Nilitoka, viatu havikutoka, na mpaka leo watoto wa ng'ambo hawanijui kwa jina la Levis, wananiita Anko Viatu. Nawasikia mkicheka huko nyuma, chekeni, lakini mjue ningekuwa nimeshasomewa mimi zamani.

Mwezi wa Machi mwaka huu alianza kukohoa. Rael alimkataza maji, akamwambia, "Baba Lynnet, wewe na mto, mmoja atamshinda mwenzake," naye akajibu kwamba atapumzika shule zikifungwa, na kweli zilipofungwa alipumzika, kwa kulala chini. Tarehe 6 Aprili tulimpeleka hospitali Homa Bay, madaktari wakasema ni nimonia na mapafu yote mawili yameshikwa. Nilikaa naye, nikimpa hadithi zangu za Tororo ambazo alikuwa amezisikia zote, akanikatiza, akauliza, "Shule zinafunguliwa lini?" Nikamwambia tarehe ishirini na saba, Jumatatu. Akauliza, "Maji yako wapi?" Nikasema magotini. Akafunga macho, nikadhani amelala, kumbe anahesabu, akasema, "Basi kamba ikazwe." Alifariki siku ya Alhamisi tarehe 16 Aprili 2026, saa kumi na moja alfajiri, dada yangu akiwa ameshika mkono wake.

Hiyo ni ngurumo, ndiyo, nimeisikia. Walimu, tafadhali wakusanyeni wanafunzi karibu na lango, msitoke bado, mto hauna kamba. Mzee Obare, naona umesimama, keti kidogo, Mzee wangu, nimebakiza tarehe moja ambayo niliiruka makusudi, na hiyo ni yako.

Tarehe 22 Agosti 2015 katika boma hili tulimzika mama Teresa, mama yake Elkanah. Nilikuwepo. Kaburi lilikuwa tayari, mchungaji alikuwa amemaliza, mvua ilikuwa imeanza kudondoka, na kamba ya kuteremshia haikuwepo, aliyetumwa kuileta alikuwa amekaa mahali anakunywa. Wewe Mzee ndiye uliyesema, "Elkanah, yako iko hapo mtoni, kimbia." Alikuwa ni mama yake mzazi, watu wanalowa, jeneza linalowa, na sisi mashemeji tunaona aibu kwa niaba yenu. Elkanah alikujibu, na mnaokumbuka mtanisahihisha, alisema, "Hiyo si yangu. Ni ya watoto." Akapanda mwenyewe mpaka Kosele kuazima kamba za ng'ombe, tukamsubiri kwenye mvua, na wewe ulikasirika, Mzee, ulikasirika sana, hukumsalimia mpaka Krismasi. Kwa mama yake alikataa. Ndipo nauliza mbele ya ukoo, kama hakuitoa kwa mama Teresa, ni nani kati yetu atakayeitoa kwa ajili yake, halafu amwambie amemheshimu?

Mimi ni mgeni, na mgeni akiongea sana huonyeshwa njia, kwa hiyo nanyamaza. Kamba yangu ya kufungia mizigo iko kwenye lori pale nje, imebeba mchele, simiti na wakati mmoja mbuzi arobaini, si safi, lakini haijaahidiwa mtoto yeyote.

Naam, Mzee. Samahani, upepo umechukua maneno, rudia ili wa nyuma wasikie. Mmesikia? Mzee anasema nina mdomo mrefu kuliko lori langu. Nakubali, Mzee. Na la pili? Rudia hilo la pili, Mzee wangu, dada yangu yuko mlangoni. Mzee anasema, ifunguliwe. Anasema, "Nilikasirika kwa sababu alikuwa amenishinda mbele ya watu, na leo amenishinda tena akiwa amelala." Asante, Mzee Obare. Asante sana.

Jacktone, kimbia kwenye lori. Chrispine, fungua taratibu, usivute, isiguse udongo wa kaburi, mpe mwenzako ncha ile nyingine. Mzee anakuuliza, Chrispine, wewe uliyeifungua mtoni, ni nani atakayeifunga? Sema kwa sauti. Anasema ni yeye. Na Jumatatu? Anasema hata Jumatatu. Chrispine, unaona idadi ya watu waliokusikia, na mmoja wao ni mama yako. Simama upande ambako mto unatoka, wadogo wapite kwanza, na mimi nikitoka hapa nakuja kushika ncha ya huku, ya nchi kavu, kila mtu na kipawa chake.

Karatasi yangu ilikuwa na shukrani ndefu, nazifupisha kwa sababu ya wingu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Homa Bay waliomhudumia usiku na mchana, majirani mliopika na kuteka maji tangu siku ya kwanza, wenzake wa zamani waliotoka Mbita kuja kumzika, walimu wetu, Mchungaji, wazee wa ukoo, na vijana waliochimba kaburi lililonyooka, kama alivyowafundisha. Wasiotajwa wasinune, mtanikuta mtoni.

Shemeji Elkanah, Jacktone amerudi na kamba ya lori, ndiyo itakayokuteremsha, maji yamefika magotini na yanapanda, watoto wameanza kushuka na Chrispine yuko mbele yao na kamba begani, nami safari hii nimevaa sandali. Usiulize tena maji yako wapi, tutayaangalia sisi. Pumzika kwa amani.