Sisimizi wa Bwana Harusi

Kibanda changu cha kahawa kiko mbele ya lango la kiwanda cha sukari, na benchi lake wenyewe wanaliita bunge. Hapa glasi huja na vijiko vinne vya sukari, na anayeomba pungufu huonekana ametukana kiwanda kilichomlea. Asubuhi ile ilikuwa ya harusi ya miwa. Mua dume na mua jike huvikwa nguo na kuozeshwa, ndipo mashine zianze kusaga. Sukarjo, ambaye kila mwaka hubeba mua dume hadi tukamwita Bwana Harusi, alikaa na glasi ya pili. Miaka tisa ya ndoa, hana mtoto. Mama yake alishakata shauri: siku ya harusi ya miwa, mkewe Lasmi arudishwe kwao. Nilipopita nyumbani kwa Sukarjo alfajiri, Lasmi alikuwa anafunga nguo zake. Roho iliniuma.

— Kosa ni la mua jike, alisema Pak Honi, yaani Mzee Honi, aliyepuliza honi ya kiwanda miaka thelathini. — Mwaka walipooana hawa, ulikatwa mua wenye pingili saba. Saba! Tumbo litafunguka vipi?

— Wapi! alidakia Daktari, muuza mizizi ambaye hospitali huiona akipita tu. — Lasmi aliuruka mua dume pale uwanjani. Nilimwona kwa macho haya.

— Ulikuwa na miwani?

— Miwani ya nini? Mguu niliuona!

— Basi honi. Tangu waitoe ile ya mvuke waweke ya umeme, matumbo ya mtaa mzima yamelala.

— Mbona binti yako amejifungua juzi, Pak?

— Huyo kaolewa mbali. Haisikii.

— Dawa ni juisi ya kwanza ya mua, Daktari akamgeukia Sukarjo. — Glasi mbili, mke na mume.

— Miaka tisa tunakunywa, Sukarjo alisema. — Yake humtia kichefuchefu, nainywa mimi.

Akainuka kwenda nyuma ya kibanda. Ilikuwa mara ya nne tangu jua litoke.

Lori la miwa likasimama. Dereva, mgeni, akashuka na kupita huko huko nyuma kujisaidia. Alirudi na Sukarjo, akaketi karibu naye.

— Yu, dada yangu, nipe kahawa. Sukari usitie.

Bunge zima likageuka.

— Kaka, umefiwa? aliuliza Pak Honi.

— Nina kisukari, mzee. Hivi, nani anakojoa pale ukutani? Sisimizi wamepanga foleni.

Daktari akaangua kicheko. — Bwana Harusi huyo! Mtoto wa kiwanda, hata mkojo ni sukari! Mtoto tu ndiye hapati, miaka tisa!

Dereva hakucheka. — Kiu unayo, kaka?

— Kazi tu, Sukarjo alijibu.

— Baba yako afya yake ilikuwaje?

Pak Honi ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. — Walimkata mguu. Hakumaliza mwaka.

— Na habari ya mtoto, nani amepimwa?

— Lasmi, Daktari alisema. — Hospitali mara tatu. Wakandaji watano.

— Simuulizii Lasmi. Mume amepimwa?

Pak Honi alitazama lango la kiwanda. Daktari alikoroga glasi tupu.

— Sukari ikikaa mwilini inaweza kuharibu mbegu za mwanamume, dereva alisema taratibu. — Mimi waliniambia hivyo. Nilitibiwa, baadaye tukapata binti. Na yeye namchunga, maana mtoto wa mwenye kisukari anaweza kuupata ugonjwa huo kwa wepesi kuliko wenzake. Si lazima. Ila sitaki aishi bila kujua, kama nilivyoishi mimi.

Sukarjo alisukuma glasi yake mbali. Kisha akaniangalia mimi.

— Yu Painem, wewe ndiye unayemwaga maji pale nyuma. Sisimizi hao umewaona tangu lini?

Tangu mvua za mwaka juzi. Niliwaona, nikajua, nikamwaga maji, kisha nikamtilia vijiko vyake vinne, kwa kuwa muuza kahawa hamwambii mwanamume habari za mkojo wake. Na Lasmi akaendelea kukandwa tumbo. Niliichukua glasi yake, nikamwaga kahawa chini.

Ngoma za harusi zikaanza. Walimwita Bwana Harusi mara mbili uwanjani. Sukarjo alishika njia ya nyumbani, na alipofika kwenye kona alianza kukimbia, maana basi la kwenda kwa kina Lasmi huondoka saa nne.