Yaya Alinificha Viatu

Salamu zenu nimezisikia, wamama. Sasa munyamaze, maana njo nyinyi mumeniita niseme, na nitakayosema hayatawapendeza.

Muganga wa hospitali aliponiambia nina kansa ya titi, mulijaa kwangu pale Mikelenge. Mulileta mikeka na uji, mukaketi kunizunguka kama kwenye kilio. Kila nikitaka kuinuka: "Lala, mama! Mugonjwa ni kulala!" Mumoja wenu aliuliza sufuria zangu kubwa zitabaki kwa nani. Nilisikia. Dawa ilining'oa nywele, haikuniziba masikio.

Yaya, dada yangu mukubwa, njo alikuwa ananiuguza. Naye aliwaamini. Alinilisha kwa kijiko, akaniwekea ndoo karibu na kitanda, na mimi nikaona raha. Ndugu zangu, nawaambia, raha ile karibu iniue. Nilipoenda kuwekewa serumu ya tatu, ile dawa ya kupitia mushipani, sikuweza kusimama juu ya mizani. Muganga akasema, "Mwili huu hautabeba dawa. Mumurudishe kwanza nyumbani." Nililia mpaka nje.

Mama mumoja mwenye kuweka serumu akanifuata. Akasema, "Kutembea hakuponyeshi kansa, dawa njo inapigana nayo. Lakini miguu ikikufa, dawa utaifikia na nini? Siku ya homa, hapana, uje kwetu. Siku ingine, hata ukichoka, tembea kidogo."

Nikaanza. Siku ya kwanza nilifika kwa mama muuza makala ya kupikia, nyumba ya nne. Hapo ndimi zenu zilifunguka! "Anatembea? Basi haumwi, alikuwa anakunywa uji wetu bure." Na uji mukaukata. Musiangalie chini, nawajua. Yaya naye, kwa haya na kwa woga, akanificha viatu.

Nilimukuta ameketi mulangoni. Nikamwambia, "Yaya, unakumbuka njia ya Kama?"

Mulio watoto wakati ule, musikilize. Vita vilipofika kijijini kwetu Kama, tulikimbia, tukaja Kindu kwa miguu, siku nyingi porini. Miguu ilinivimba. Nikaketi juu ya gogo, nikasema muniache hapa. Wengine walikuwa wameketi hivyo, hatukuwaona tena. Yaya alikata fimbo akanichapa, anachapa huku analia, mpaka nikasimama.

"Siku ile ulinichapa ili nisikae," nikamwambia. "Leo unanificha viatu?"

Aliingia ndani, akavitoa kwenye gunia la muchele, akapiga magoti akanivalisha. Halafu akavaa vyake. Toka siku ile tulitembea wawili polepole, mukono wake mugongoni kwangu, nanyi munachungulia. Niliporudi hospitali, nilipanda mizani peke yangu. Dawa nimezimaliza zote. Sijasema nimepona, muganga bado ananifuata. Lakini nimesimama mbele yenu, na sufuria zangu ziko kwangu.

Mama wa serumu hayuko hapa, Mungu amulipe. Yaya njo yule kule nyuma, anajifunika uso na kitambaa. Asante, Yaya. Sina dada mwingine, na singemutaka.

Nanyi? Najua kuna mwenzetu mumoja ameanza dawa mwezi huu, na kesho mutajaa kwake. Mikeka muiache nyumbani. Mumuulize kwanza muganga amesemaje, kisha mumushike mukono mutoke naye nje, hata mpaka nyumba ya pili.

Atakayemwambia alale tu, nitakuja kwake na fimbo.