Namba Alizobandika Mzee Yu

Benchi letu liko nje ya duka la kona hapa mjini Chiayi, mkabala na ofisi ya ushirika wa wakulima wa chai. Jumatatu ile baridi ilikuwa inang'ata na sisi watatu tulikuwa hoi. Programu ya ushirika tunayoitunza, ile inayosoma vipimajoto vya kila shamba mlimani na kuwapigia wakulima simu sakitu, baridi ya kuunguza majani, ikikaribia, ilikuwa imekufa. Ijumaa kompyuta iliomba toleo jipya la lugha ya kompyuta iliyotumika kuiandika programu, ikakubaliwa. Sasa ukiiwasha inaita maktaba zake za zamani, yaani vipande vya programu vya watu wengine inavyovitegemea, maktaba hazifunguki, inazimika. Aliyeiandika, Mzee Yu, tulimzika mwaka juzi. Guo, tunayemwita Profesa kwa kuwa hajawahi kukosa jibu, la kweli au la kutunga, alishika kahawa yake ya tatu. Pei-shan, ambaye hapa kijiweni ni Dada Futa, alikuwa anamenya yai lililochemshwa kwa chai.

— Nimerudisha maktaba ya kwanza, alisema Profesa. Ikadai ya pili. Ya pili ikadai ya tatu, tena iwe ya zamani zaidi. Ya tatu inasema haiijui ya kwanza! Lakini haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba gani? Umejaza makosa skrini nzima.

— Si wewe uliyefuta kila kitu asubuhi?

— Nilisafisha, Dada Futa akajibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mgeni kaja, mwenyeji kazikwa!

— Basi rudisha toleo la zamani.

— Lipi, dada yangu? Yako kibao mtandaoni. Lipi linapatana na maktaba ipi? Mimi nasema wanaotengeneza hizi lugha wanazibadilisha makusudi, ili wenye mvi tukose kazi.

— Acha hizo. Mimi nasema ni pakiti. Nani kagusa pakiti?

Kwetu huku, kompyuta ya kazi huwekewa juu yake pakiti ya bisi za mahindi, ya kijani, si ya manjano yenye mkosi, ili mashine iwe na adabu. Hailiwi, na tarehe yake isipite.

— Ni mimi, nikasema. Ilikuwa imepitwa na tarehe. Nikaweka mpya.

— Ya kijani?

— Nina wazimu niweke ya manjano?

— Ya zamani iko wapi?

— Gari la taka lilipita likipiga muziki wake, nikaitupa.

— Haikuwa na karatasi nyuma?

Hapo nikakumbuka. Karatasi ilikuwepo, imebandikwa kwa gundi, mwandiko wa Mzee Yu, namba tupu. Nilidhani ni za bahati nasibu, ile inayochezwa kwa namba za risiti za dukani.

Dada Futa aliliweka yai chini.

— Zilikuwa namba za matoleo, alisema polepole. Toleo la lugha, na ya maktaba zote kumi na nne. Na kitufe cha kukubali hilo jipya alibonyeza nani?

— Mimi. Nilishaweka pakiti mpya. Nikajua tuna kinga.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Pikipiki ikasimama mbele yetu. Akashuka msichana mwenye helmeti, kakumbatia boksi.

— Hamjambo, wajomba, shangazi. Ofisi ya ushirika ni hii? Mimi binti wa Bwana Tsai, wa Shizhuo, kule mlimani. Baba kawaletea chai. Mwaka jana simu yenu iliokoa shamba zima.

Profesa alilipokea boksi kwa mikono miwili, kichwa kainamisha.

— Ila anauliza jambo moja tu. Maji ya tangi yanatosha kunyunyizia chai isiungue na sakitu usiku mmoja tu. Redio inasema mlima wote una baridi wiki nzima, haisemi sakitu itafika kwetu lini. Mwaka huu machipukizi yakiungua hatuna kingine. Anyunyizie leo, au asubiri simu yenu?

Nilimtazama Dada Futa. Akageukia dirisha la ofisi, ambako pakiti yangu ya kijani ilikuwa imesimama juu ya kompyuta, mpya kabisa.

— Mwambie asisubiri simu, nikasema.

— Sawa, mjomba. Kwa hiyo anyunyizie leo?

Profesa alichungulia ndani ya kikombe chake. Kahawa ilikuwa imekwisha.