Mkono wa Kushoto wa Donat

Ting. Uzi mmoja wa gitaa ulilia usiku kwenye fleti ya Donat, mtaa wa Etterbeek, ughaibuni, kisha kimya: vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikataa kukunjuka. Asubuhi alikuwa kijiweni na Wakongo wenzake, kwenye benchi la kituo cha basi karibu na Porte de Namur, mkono mfukoni. Jumapili angepiga solo kanisani kwa mara ya kwanza, na maumivu yalikuwa yamefika kwenye kiwiko. Maman Régine alimpa kikombe cha kahawa. Donat akakipokea kwa mkono mmoja. Hapo ndipo wakamshtukia.

— Leta huo mukono, alisema Doudou, waliyemwita Docteur kwa kuwa aliwahi kufagia hospitali. Bon. Ni baridi.

— Baridi gani mu mwezi ya juin? alisema Maman Régine. Ni frites, viazi ya kukaanga. Mafuta inashuka mu vidole.

— Alors juu ya nini inashuka kushoto tu?

— Juu njo anakamata nayo frites.

Tonton Mukendi, mwalimu wa gitaa wa Donat tangu mwanzo, alitikisa kichwa.

— Mukono iko inaomba kazi. Kwetu Lubumbashi kulikuwa muntu moya, mupiga solo wa kweli. Kidole ikiuma, anaongeza une heure, saa nzima.

Donat aliijua hadithi hiyo; ndiyo iliyomfanya akeshe na gitaa. Jina la mtu huyo Tonton hakulitaja hata siku moja. Muntu moya, basi.

Binti aliyekuwa akisubiri basi aligeuka. Ni Nusura, Mtanzania, anasomea tiba ya viungo.

— Samahani, kaka. Usiku unapiga na spika?

— Hapana, dada. Jirani atalalamika.

— Kwa hiyo unabonyeza kwa nguvu ili ujisikie.

Donat hakuwahi kuliwaza hilo.

— Eh. Nabonyeza.

— Na ikiuma?

— Naongeza.

Nusura alimtazama Tonton.

— Mzee, huyo aliyekuwa anaongeza, bado anapiga?

Basi lilikuja, likaondoka, Nusura hakupanda. Tonton alimaliza kahawa yake, akauchukua mkono wa Donat, akavikunjua vidole polepole, kimoja kimoja.

— Jumapili hautapiga. Mi nitaongea na pasta. Na utaenda kwa docteur wa kweli.

— Lakini Tonton, ule muntu...

— Vidole yake ilijifunga. Ata kifungo ya chemise alishindwaka. Mi njo nilikuwa namufungia, kila asubui, mbele niende ku masomo.

Bado aliushika mkono.

— Ni mukubwa yangu wa tumbo moya. Josias.