Nyapara Nzuki wa Makindu na Sulisuli Wake

Tarehe 31 Machi 1937 Mzee Nzuki wa Mulei atarudisha nyundo na bendera zake stoo, na Reli itaagana na nyapara aliyeitumikia kwa miaka ishirini na minane. Alikuja mwaka 1909 kama kibarua wa kubeba mataruma ya reli begani. Anaondoka akiwa nyapara wa genge la Makindu, na hakuna msumari kati ya stesheni yetu na Kiboko ambao hajaugonga kwa mkono wake.

Mimi Nzioka, karani wa mizigo, nimeombwa na wenzangu niandike habari zake kwa ajili ya sherehe hii. Nimekubali haraka, kabla hawajambadilisha mwandishi, kwa sababu nina jambo moja ambalo natamani sana kulisimulia.

Kwanza kazi. Mvua za mwaka 1930 zilipolila tuta la reli karibu na Kiboko, genge la Mzee Nzuki lilijaza mawe likiwa ndani ya matope mpaka kiunoni. Treni ya abiria ilipofika, yeye aliitangulia kwa miguu, polepole, kama mtu anayeongoza ng'ombe kuvuka mto. Nzige walipokuja, wakapondwa relini hata magurudumu yakateleza na treni ikakwama kwenye kilima, aliwapa watu wake mifagio na mchanga. Abiria wa daraja la tatu walishuka kusaidia, ingawa waliookota nzige wa kukaanga walikuwa wengi kuliko waliofagia.

Na kuna ile siku ya kifaru. Genge zima lilikimbilia juu ya tangi la maji. Mzee Nzuki alipanda wa mwisho, nyundo mkononi, na huku kifaru akikoroma chini yao, Mzee akaanza kugawa kazi za alasiri ili muda usipotee bure. Vijana wake waliomba kifaru asiondoke.

Lakini ukimtafuta Jumapili baada ya kanisa, utamkuta kwenye Mto Kiboko na ndoana. Watu wa kwao Kasikeu si walaji wa samaki, na mkewe, Mama Mumbua, hajawahi kulificha hilo. Mara ya kwanza alipoletewa kambare nyumbani alisimama mlangoni akasema, "Huyo nyoka wako kampikie huko huko mtoni!" Basi Mzee alimpika huko huko mtoni, akamla, akarudi nyumbani akinawa mikono mara mbili njiani.

Kila mwaka Reli ilimpa pasi ya kusafiri bure mpaka Mombasa, na kila mwaka pasi hiyo iliisha bila kutumika. Mara daraja limepata ufa, mara mtoto anaumwa, mara mvua. Mtu aliyeitunza njia ya kwenda baharini hakuwa ameiona bahari hata siku moja. Januari hii, alipopewa likizo yake ya mwisho, marafiki zake tuliona aibu kwa niaba yake.

Aliyeanzisha mambo ni Hersi, mfanyabiashara wa mifugo ambaye kwa miaka mingi amepakia mbuzi wake kwenye mabehewa yetu. Hersi anamjua mwenye duka mmoja wa Mombasa aliye na boti ya mtambo. Wageni wa Kizungu huikodi Jumamosi na Jumapili kwenda kuvua samaki wakubwa kwa mchezo tu, si kwa kuuza. Siku za kazi inalala. Hersi aliikodi kwa siku nzima na kulipa kwa mbuzi wanono, kisha akaja stesheni akipiga makofi.

"Mzee Nzuki, funga mzigo wako! Tunakwenda kuvua samaki mwenye upanga."

"Upanga wa nini?" Mzee akauliza.

"Wa kukukata wewe ukiendelea kuuliza maswali."

Tulikuwa wanne: Mzee Nzuki, Hersi, mimi, na Ndolo, fundi wa pampu ya maji, ambaye hawezi kuona chombo kinachonguruma asitake kukifungua. Tulipofika ufukweni Mombasa, Mzee alikwenda peke yake mpaka maji yakamgusa viatu. Alichovya kidole, akaonja. "Kweli ni chumvi," alisema, kama mtu aliyethibitishiwa habari ambayo siku zote aliitilia shaka.

Nahodha wa boti, Famau, mtu wa Lamu mwenye maneno laini, aliikagua ndoana ya mtoni ambayo Mzee alikuwa ameifunga kwa uangalifu kwenye kitambaa. "Mzee wangu," akasema, "hii nayo tutaiweka, tuchokolee meno tukishakula." Akamkalisha kwenye kiti cha nyuma ya boti, akampa mwanzi mnene wenye kigurudumu cha mshipi, nasi tukatoka bandari ya Kilindini.

Nje ya mwamba bahari ilikuwa ya buluu nzito, imeumuka. Hersi, ambaye amevuka nchi kavu yote kutoka kaskazini mpaka Kitui bila kulalamika, alijilaza chini ya boti, akajifunika kikoi usoni na kutuomba tumzike popote penye udongo. Sisi wengine tulicheka. Baadaye hatukucheka sana.

Tulizunguka asubuhi yote bila kitu. Ghafla mwanzi ukapinda, kigurudumu kikalia kama filimbi ya gadi wa treni, na mbali nyuma yetu sulisuli akaruka. Jamani! Mwili wa fedha na samawati, upanga mbele, na mgongoni pezi pana kama tanga lililofunguliwa. Alisimama juu ya mkia wake, akatikisa kichwa, akaanguka kwa kishindo. Ndolo alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mimi nilijikuta nimemkumbatia nahodha.

"Usimvute!" Famau aliita. "Mwache akimbie, mzee wangu. Akichoka, ndipo umlete."

Mzee Nzuki alikaza miguu. Akavuta, samaki akachukua. Akavuta tena. Jasho lilimtiririka kidevuni, na uso wake ulikuwa wa kijana ambaye hatukuwahi kumjua.

Hapo ndipo injini ilipokohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza.

Mwanzoni hatukuelewa. Kisha tukasikia mwamba. Mawimbi yalikuwa yakiupasukia upande wetu wa kulia, meupe kabisa, na maji yalikuwa yakitusukuma huko. Ndolo alikuwa tayari ameinamia injini, mikono ndani mpaka viwiko. "Majani ya bahari yameziba bomba la maji ya kupoza injini," alisema. "Nipeni muda." Famau alitazama mwamba, akamtazama Mzee. Aliweka makasia mawili mbele yangu na kusema kwa upole, "Mzee wangu, samaki anatugeuza ubavu. Nisamehe. Inabidi tumkate."

Mzee Nzuki hakubishana. Aliubana mwanzi kwa magoti, akatoa kisu chake mfukoni na kukifungua kwa meno. Nilimwona akimtazama sulisuli mara moja tu, kisha akaupeleka mkono kwenye mshipi.

"Usikate!"

Alikuwa Hersi. Alikuwa amesimama, rangi ya jivu, kikoi kimemning'inia shingoni. "Wallahi usikate, Nzuki. Nipeni hilo kasia."

"Hersi, ndugu yangu, kaa chini. Samaki ni samaki tu. Ninyi mna watoto."

"Na mimi nimesema sikai!" Akanipokonya kasia moja, akaketi kando yangu.

Tulipiga makasia vibaya sana. Mmoja alivuta mwingine akisukuma, na boti ikazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Mwamba ulikuwa karibu kiasi cha kuona kaa wakikimbia juu yake. Ndipo kutoka nyuma ikaja ile sauti inayojulikana kuanzia Makindu mpaka Kibwezi, ile ya kuinulia reli:

"Haaarambee!"

"Heee!" tukajibu, hata bila kufikiri, na makasia yakaingia majini pamoja.

"Haaarambee!"

"Heee!"

Mzee Nzuki alikuwa amekitupa kisu. Alishika mwanzi kwa mikono miwili, damu ikimtoka vidoleni mahali mshipi ulipomkata, na kwa kila mwito wake boti ilisogea hatua kutoka kwenye mawe. Famau alishika usukani na kuitikia kwa nguvu kuliko sote. Sijui tulikwenda hivyo kwa muda gani. Najua mikono yangu iliacha kuuma kwa sababu sikuwa nayo tena. Kisha Ndolo akapiga yowe, moshi ukatoka, injini ikanguruma, na boti ikauacha mwamba nyuma yake. Hersi mpaka leo anaapa kwamba sulisuli naye alisaidia kutuvuta. Famau akisikia hayo hucheka mpaka anashika ubavu.

Samaki alikuja ubavuni amechoka, kama Mzee aliyemshika. Famau alimtia kulabu, nasi wote tukamwinua ndani. Alikuwa mrefu kumpita Ndolo. Hersi alicheka kwanza, halafu akaelekea upande wa boti akatapika, halafu akaendelea kucheka.

Mzee Nzuki aliweka kiganja juu ya lile pezi. "Miaka yote nimesimama kando ya reli," alisema, "nikiwapungia bendera watu wanaokuja huku. Leo nimekuja mimi." Akafuta uso kwa kitambaa, na sisi tukajifanya tunatazama mbele.

Jioni ile samaki alipikwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa Reli Mombasa, na watu tusiowajua walituimbia. Tuliporudi Makindu, Mama Mumbua hakuuliza habari za samaki. Aliishika mikono ya mumewe, akaigeuza, akaiona ilivyochanika. Aliipaka mafuta kidole kimoja baada ya kingine. "Ulikuwa na furaha?" akauliza.

"Sana," Mzee akasema.

"Basi safari nyingine siachwi."

Wapendwa wafanyakazi, Reli humpa mstaafu pasi ya mwisho, na mke wake pia. Hii haitaisha bila kutumika, kwa sababu Mama Mumbua ndiye aliyeiweka. Wataondoka Jumamosi baada ya sherehe, kabla ya kwenda kulima shamba lao Kasikeu. Nahodha Famau amepelekewa salamu, na jibu lake limefika: amesema ataandaa mianzi miwili.

Mzee Nzuki, asante kwa njia uliyotunyooshea, kwa vijana uliowafundisha kazi, na kwa sauti yako siku ile. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha shambani na bahari tulivu. Maisha yako ya mbele yawe mema, wewe na Mama Mumbua. Na akishika samaki mkubwa kuliko wako, tafadhali utuandikie ukweli.