Gauni la Ubatizo Nililolipasua

Akina mama wenzangu, na nyinyi wazee mliokaa karibu na mlango, nawasalimu. Nimeombwa nisimame kwa sababu ya huyu anayekimbia kati ya viti. Msimzuie, mwacheni akimbie.

Huyu ni binti yangu, na alizaliwa akitanguliza matako. Huku kwetu kuna baridi, na mnajua tunavyofanya: mtoto mchanga tunamfunga blanketi kama mzigo, miguu imenyooshwa pamoja, eti asiwe na matege. Mama mkwe alimfunga hivyo, kwa upendo kabisa. Siku ya chanjo nesi akamfungua, akamkunja magoti, akayapanua taratibu. Paja la kulia likafunguka. La kushoto likakataa.

"Mama, usingoje," akaniambia. "Mpeleke hospitali wiki hii."

Daktari alinieleza hivi, nami nawaeleza. Kichwa cha mfupa wa paja ni kama mpira, na nyonga ni kikombe chake. Mpira wa binti yangu ulikuwa unateleza nje; kutanguliza matako, na kufungwa miguu ikiwa imenyooshwa, huongeza hatari hiyo. Kwa mtoto mchanga kikombe bado ni laini. Mpira ukishikiliwa mahali pake, kikombe kinakua kikiuzunguka. Ukingoja mpaka atembee akichechemea, mara nyingi ni upasuaji na plasta. Akamvalisha mikanda ya kitambaa kutoka mabegani hadi miguuni, mapaja wazi kama chura. Akasema isivuliwe bila ruhusa yake.

Ndugu zangu, nawaambia, mikanda haikuwa shida. Shida ilikuwa midomo. Kwenye kituo cha majani chai, tukisubiri lori, mmoja akaniuliza, "Huyo wako amepanda bodaboda ya nani?"

"Ya mamake," nikamjibu. "Wewe simama kwenye laini upimiwe majani."

Wakacheka, nami nikacheka. Njiani kurudi nyumbani nililia.

Kisha ukafika ubatizo. Gauni jeupe walilobatiziwa wajukuu wote wa mama mkwe halikupita kwenye magoti yale. Shangazi za mtoto wakanizunguka chumbani.

"Mvue kidogo tu, mpaka picha ziishe."

"Daktari amekataa."

"Daktari yuko hapa? Unataka kanisa zima liseme tumezaa kilema?"

"Liseme. Nikimvua kwa kuogopa maneno, ndipo atachechemea kweli."

Mume wangu akatazama dirishani. Basi nikachukua makasi, nikalipasua lile gauni kuanzia pindo mpaka kifuani. Nilijua nimejiharibia katika boma lile.

Mama mkwe akainuka. Akachomoa pini kwenye leso yake, akaanza kukibana kitambaa juu ya mikanda, polepole.

"Padre anamwaga maji kichwani," akasema. "Miguu inamhusu nini?"

Tukaenda kanisani hivyo. Baadaye, daktari alipoivua mikanda na kumpima, mpira ulikuwa umetulia ndani ya kikombe chake.

Namshukuru nesi yule aliyekuwa na haraka kwa niaba yangu. Namshukuru mama mkwe, ambaye siku hizi akimfunga mjukuu blanketi, anaiachia miguu nafasi ya kujikunja.

Nanyi, mtoto wenu akipelekwa kliniki, ombeni aangaliwe nyonga. Akifungwa mikanda, msimvue kwa sababu ya sherehe, wala jirani, wala mimi. Nasikia kuna wawili wamezaliwa hapa kijijini juzi. Tukitoka hapa nakwenda kwa mama zao, wanitake wasinitake.